Anatembea Sana

Maumivu yalianzia mguu wa kulia, upande wa mbele, chini ya goti, pale ambapo ngozi imelala juu ya mfupa bila nyama ya kuukinga. Mama anapaita ugoko. Kamusi ina neno jingine, muundi, ambalo sijawahi kumsikia mtu yeyote wa Korogwe akilitamka. Nilipolijaribu mbele ya mama aliniuliza kama ni sehemu ya baiskeli.

Mwanzoni yalikuwa yanakuja nikishamaliza kutembea, nikiwa nimekaa kizingitini navua raba. Yalikuwa madogo, kama mtu amenigonga hapo na mwiko jana yake. Nikiugusa mfupa kwa kidole napata mstari mzima unaouma, siyo sehemu moja. Baada ya muda yakaanza kunikuta njiani, halafu yakaanza pamoja na hatua za kwanza, halafu na mguu wa kushoto ukajiunga. Mimi nikawa naendelea kutembea. Nilijiambia kwamba mwili unalalamika kwa sababu haujazoea, na kwamba ukizoea utanyamaza. Sijui nilitoa wapi wazo hilo. Mambo mengine yote nayauliza yametoka wapi, hilo nililimeza zima.

Inabidi nieleze kwa nini nilikuwa natembea, na kwa nini haraka.

Nimerudi nyumbani Kilole, hapa Korogwe, tangu nimalize chuo. Nilisomea ualimu, na kama wenzangu wengi nasubiri. Mama ana genge mbele ya nyumba: nyanya, vitunguu, dagaa, mkaa wa kupima kwa kopo, mafuta ya kula kwenye chupa ndogo. Kwa kuwa sina kazi, genge ni langu kuanzia asubuhi mpaka magharibi. Nakaa kwenye benchi, mgongo ukiwa ukutani, na kila anayekuja kununua fungu la nyanya ananiuliza swali moja.

"Ajira bado hazijatoka?"

"Bado, mama."

"Zitatoka."

Kwa nini zitatoka? Umejuaje? Nani amekwambia? Maswali hayo nilikuwa nayameza, nafunga nyanya kwenye mfuko. Siku ikiisha nimeulizwa na mtaa mzima na nimejibu mtaa mzima, na sijatoka kwenye benchi. Usiku nalala chumba kimoja na mama, vitanda viwili vimeachana kwa upana wa ndoo.

Kwa hiyo alfajiri, watu wakiwa wanatoka msikitini na genge halijafunguliwa, nilikuwa navaa suruali ya trakisuti, juu yake gauni refu, mtandio kichwani, na raba za mtumba ambazo soli zake zilishalika upande mmoja na mwenye nazo wa kwanza. Natoka. Naifuata lami upande wa magari yanayonijia, napita nyumba za mwisho, milima ya Usambara ikiwa bado haijapambazuka vizuri, natembea mpaka jasho linitoke mgongoni, nageuka. Nikirudi nafungua genge.

Haraka ndiyo iliyokuwa inawashangaza watu. Huku kwetu mtu anayekwenda mbio asubuhi ana sababu: amefiwa, basi linamwacha, au ng'ombe wameingia shambani kwake. Mzee mmoja anayefagia mbele ya duka la mpwa wake alikuwa ananiuliza swali lile lile kila siku.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba, binti. Kuna nini?"

"Hakuna kitu, mzee."

"Hakuna kitu, na unakwenda hivyo?"

Nikishajibu hilo nilikuwa nimeshampita. Na hapo ndipo penye siri ya mwendo ule. Ukitembea polepole lazima usimame, uulizwe habari za nyumbani, za mama, za usingizi, za ajira. Ukitembea haraka shikamoo inatosha. Watu wanakuonea huruma wanakupisha. Sikuwa natafuta afya. Nilikuwa natafuta saa moja ambayo hakuna mtu anayeweza kunikuta.

Ilipofika mahali nikawa siwezi kushuka ngazi mbili za uani bila kushika ukuta, mama akafunga genge na kunipeleka zahanati. Tabibu alikuwa kijana wa rika langu, ametulia, amechoka. Aliandika vipimo kabla sijamaliza kueleza: malaria, taifodi, mkojo.

"Samahani, daktari," nikasema, "mkojo una uhusiano gani na ugoko?"

"Tunaondoa mashaka kwanza."

"Mashaka gani?"

Mama akanifinya. Nikaenda kupima mkojo. Majibu yalipokuja hayana kitu, yule tabibu aliinuka, akapiga goti moja sakafuni, akaupapasa mfupa kwa kidole gumba kutoka juu mpaka chini. Nikaruka.

"Unafanya kazi gani?" akaniuliza.

"Hana kazi," akajibu mama. "Anatembea."

"Umbali gani?"

Nikamwambia. Akanitazama raba, akaipindua moja, akaweka kidole pale soli ilipolika. Akasema nimezidisha, na lami ni ngumu, na kiatu kimekufa. Akaandika dawa ya maumivu. Dawa halisi, akasema, ni kupumzika. Nitakapoanza tena nitafute njia ya udongo, nianze taratibu.

"Kupumzika mpaka lini?"

"Mpaka usisikie maumivu ukibonyeza."

Nilimwamini, jambo ambalo si la kawaida yangu, kwa sababu alikuwa mtu wa kwanza aliyeushika mguu. Lakini njiani kurudi nilikuwa nimeshaanza kuhesabu hasara. Tiba ya maumivu yangu ilikuwa kukaa. Na kukaa ndiko kulikonifanya nitembee.

Kupumzika katika nyumba yetu si neno linaloeleweka. Mtu akionekana amepumzika, basi yuko huru. Nilichambua mchele. Nilipanga mkaa. Nilishona vifungo vya nguo ambazo hakuna aliyezivaa tangu niko sekondari. Alfajiri niliamka saa ile ile bila mtu kuniamsha, nikalala macho wazi nikimsikia mama anavyopumua, na mwili wangu wote ukiwa unataka kutoka isipokuwa miguu. Na sasa wateja walikuwa na swali la pili. Wakishamaliza la ajira wanauliza, "Na miguu je?" Nikawa mtu mwenye vitu viwili vinavyosubiriwa.

Jioni moja nilikuwa nimeegemea ukuta wa uani, maji ya baridi kwenye beseni, miguu ndani. Mama alikuwa barazani anaongea na simu. Alikuwa anazungumza na shangazi yangu wa Mkata, dada mkubwa wa marehemu baba, ambaye tangu baba afariki hakuna linaloamuliwa juu yangu bila yeye kuambiwa. Mama anapoongea na simu husema kwa sauti ya kumfikia mtu aliyeko Mkata hata bila simu.

"Ni huyu mtoto, wifi. Amezidi kutembea."

Kimya.

"Kila siku, alfajiri, anatoka. Nimemsema, hasikii. Ana kiburi cha chuo. Sasa ona yaliyomkuta."

Kimya kirefu zaidi.

"Tumekwenda. Wamempima mkojo."

Kimya.

"Wanasema hakuna kitu, lakini apumzike. Asibebe vizito."

Hilo la vizito alilitunga mwenyewe. Nilisikia maneno yote hayo nikiwa nageuza miguu kwenye beseni, na sikuona tatizo lolote. Nilikuwa nafikiria kama maji ya baridi yanasaidia kweli au yanatia ganzi tu. Mama aliporudi alisema shangazi anataka niende kwake Mkata, kesho, bila kukosa.

"Kufanya nini?"

"Kupumzika."

Nikafurahi. Kwa muda wa usiku mmoja nilidhani kwamba ninatoka.

Shangazi alinipokea barabarani, pale mabasi yanaposimama na akina mama wanapoinua beseni za machungwa madirishani. Ni mwanamke mrefu, mkulima, ana mikono ya mtu aliyemenya mihogo maisha yake yote. Nilipiga magoti kidogo, kwa uchungu, nikasema shikamoo. Hakuitikia mara moja. Alikuwa ananitazama tumbo.

"Marahaba," akasema mwishoni. "Umenenepa."

"Sijanenepa, shangazi."

"Mimi ndiye ninayekuangalia."

Akachukua begi langu asiniachie nibebe hata mfuko wa vitunguu niliomletea. Tulipofika nyumbani kwake aliwatoa watoto wa jirani uani, akaniingiza chumbani, akafunga mlango, akakaa kitandani na kunielekeza kwenye kigoda.

"Mama yako ameniambia unatembea."

"Ndiyo, shangazi. Lakini kwa sasa nimeacha, kwa sababu ya miguu."

"Tuache miguu. Unatembea na nani?"

"Peke yangu."

"We mtoto, usinichezee. Mtu hatembei peke yake."

"Mimi napenda peke yangu. Nikiwa na mtu ananichelewesha."

Shangazi akafumba macho, akayafumbua.

"Ulianza lini?"

"Tangu chuo. Ila kule tulikuwa kundi."

"Kundi!"

"Wasichana na wavulana, jioni, uwanjani. Huku Korogwe hakuna wenzangu, ndiyo maana natoka mwenyewe."

"Na mama yako anajua?"

"Anajua. Nikichelewa kuamka ananiamsha yeye."

"Astaghfirullah."

Nilidhani ni mtu wa zamani asiyeelewa mazoezi, nikaanza kutafuta jinsi ya kumweleza.

"Tatizo ni barabara, shangazi. Daktari amesema nimezidisha, na pale barabarani ni pagumu. Akasema nikianza tena nitafute udongo."

"Barabarani?" Sauti yake ilikuwa imekwisha. "Unafanyia barabarani?"

"Pembeni ya lami. Magari yananiona."

Aliinuka, akaja mpaka kwenye kigoda, akanishika bega kwa upole ambao sikuwa nimeutegemea.

"Mwanangu," akasema, "hata kama humjui baba yake, niambie mimba ina miezi mingapi."

Ilinichukua muda. Halafu kila neno nililolisema tangu nimeingia mle ndani likageuka mbele yangu na kunionyesha upande wake wa pili. Nilisimama. Sikuwa na namna nyingine, nikatembea. Chumba kilikuwa kidogo, nikaenda kutoka kitandani mpaka dirishani na kurudi, haraka, mikono ikipepea, nikiuma meno kwa maumivu.

"Hivi, shangazi! Natembea hivi! Kwa miguu!"

Akanitazama nikienda na kurudi.

"Kutembea huku?"

"Huku."

"Huku kwa kwenda sokoni?"

"Huku huku, ila bila soko."

Alicheka mpaka khanga ikamdondoka, akakaa, akacheka amelala, akajifuta machozi kwa upindo na kuanza upya. Nami nikacheka. Nilidhani imekwisha. Mtu aliyezoea kubishana darasani huwa na imani hiyo, kwamba kosa likishaonekana linafutika.

Alipomaliza kucheka aliketi wima, na uso wake ukawa mgumu kuliko mwanzo.

"Nimeshamwambia baba yako mdogo," akasema.

"Umemwambia nini?"

"Alichoniambia mama yako. Kwamba unatembea sana, na umepata matatizo. Naye alikuwa amekaa na watu."

"Basi tuwaambie ukweli."

"Tukawaambie nini? Kwamba mtoto hatembei, anatembea?"

Nilijaribu kusema kwamba neno ni neno tu, lina maana mbili, na mwenye akili atauliza ni ipi iliyokusudiwa. Shangazi alisema mwenye akili hana haja ya kuuliza, kwa sababu ameshachagua ile tamu. Nikauliza kwa nini mwanamume akisemwa anatembea sana watu wanacheka, na mimi nafungiwa chumbani. Akasema hilo niende nikawaulize walionisomesha.

Nikabaki Mkata. Baba mdogo alipigiwa simu akaelezwa, akacheka kwenye simu, na kwa kicheko chake ilijulikana kwamba hakuamini. Kwa hiyo ilionekana vizuri nikae kwanza, nionekane nimekaa, tumbo langu lionekane halikui. Hakuna aliyeniambia hivyo waziwazi. Nilielewa kutokana na jinsi wageni walivyokuwa wanaletwa mpaka uani ambako nimekaa kwenye mkeka napukuchua mahindi. Wananisalimia, wanauliza habari za Korogwe, macho yao yanashuka kidogo, yanapanda, wanaondoka. Shangazi aliniambia nisivae gauni pana.

Kutoka pale uani barabara kuu haionekani. Inasikika. Basi linapunguza mwendo, linasimama, wauzaji wanapaza sauti, machungwa, mahindi ya kuchoma, maji, halafu basi linavuta pumzi na kuondoka. Nikawa najua kwa sauti lipi linakwenda Dar na lipi linapanda kaskazini. Miguu nimeinyoosha mbele, punje zinaingia kwenye beseni, na kila basi lilikuwa linachukua watu isipokuwa mimi.

Jioni shangazi alikuwa ananichua kwa mafuta ya nyonyo. Anayapasha moto kwenye kijiko, anayajaribu kwenye kiganja, anausugua mfupa mpaka machozi yananitoka. Mimi nilikuwa nimesoma kwenye simu kwamba ni barafu ndiyo inayotakiwa. Nilimwomba niende dukani kununua barafu ya mfuko.

"Uweke wapi?"

"Mguuni."

"Baridi iingie mfupani, uzeeke nayo? Lete mguu."

Nikafanya kitu ambacho kwangu kilikuwa burudani pekee ya siku zile. Nikamwambia anichue mguu wa kulia tu, nikidai wa kushoto hauumi sana. Nilitaka kulinganisha. Wa kulia ukapata mafuta kila jioni, wa kushoto haukupata kitu. Nikawa naibonyeza yote miwili asubuhi kabla ya kuinuka. Ikapona sambamba, kama mapacha. Nilipokuwa na uhakika nikamweleza shangazi, kwa heshima, kwamba mafuta hayakuwa na kazi, kwa sababu hata mguu usiopakwa umepona.

Akaendelea kufuta kijiko.

"Ulidhani mafuta yanakaa pale ulipoyaweka? Yakishaingia mwilini yanatembea."

Tukatazamana. Akajipiga kofi mdomoni, tukacheka tena, na jirani akachungulia uani kuangalia kuna nini.

Aliporidhika kwamba watu wa kutosha wameniona, shangazi alinirudisha Korogwe mwenyewe, na sharti lake akamkabidhi mama kama anavyokabidhi kuku. Lile neno lisitamkwe tena. Nafanya mazoezi, basi. Na nisitoke mlangoni alfajiri peke yangu. Mama atakwenda na mimi.

"Na genge?" nikauliza.

"Genge litafunguliwa mkirudi," akasema shangazi. "Au nyanya zako zina haraka kuliko heshima yako?"

Hivyo nikaanza kutembea upya. Nilipata njia ya udongo kama tabibu alivyosema, ile inayoachana na lami na kukata kuelekea mashamba. Nilikwenda taratibu kama tabibu alivyosema. Kila kitu kilikuwa sahihi. Mama alitembea upande wangu, amevaa ndala, khanga moja kiunoni na nyingine mabegani, na hakunyamaza.

Tulipopita kwa yule mzee anayefagia, mama alisimama. Waliulizana hali. Waliulizana usingizi, watoto, mvua, kifua cha mpwa wake. Nilisimama na mikono nyuma kama mwanafunzi aliyeitwa ofisini. Kisha mzee akanigeukia.

"Leo huna mbio, binti. Ajira je?"

"Bado, mzee."

"Zitatoka."

Siku ya pili jirani mmoja alituona akaomba aungane nasi, ana sukari na ameambiwa ajinyooshe. Wiki iliyofuata akaja dada yake. Wakawa wanatusubiri mlangoni. Tulikwenda wanne tumejipanga upana wa njia, mwendo wa msiba, na wao wakizungumza harusi, mikopo ya vikundi, nani amejenga choo cha ndani. Benchi la genge lilikuwa limeota miguu likanifuata njiani.

Mama alifurahi. Hilo ndilo lililonifunga zaidi. Sikujua kwamba alikuwa hajapita njia ile kwa miaka. Alikuwa anashangaa nyumba mpya, anauliza hiki kiwanja ni cha nani siku hizi, anachuma mchicha pori ukingoni na kuuweka kwenye upindo wa khanga. Nikiamka namkuta ameshavaa. "Twende," ananiambia, kama msichana. Nilijiuliza mara nyingi njiani, wakiwa wanaongea juu ya kichwa changu, kama nina haki ya kuichukia saa ambayo mama yangu anaipenda. Nikaona kwamba ninayo haki hiyo, na kwamba hainisaidii.

Asubuhi moja wale majirani hawakutoka, kulikuwa na hitima mahali. Tukaenda wawili. Tulipofika kwenye kalavati ambako njia inanyooka mpaka kwenye kona ya mkonge, mama akakaa, akavua ndala, akapangusa vumbi.

"Miguu yako imepona?"

"Imepona."

"Kabisa?"

"Nikibonyeza sisikii kitu."

Akatazama mbele, akatazama nyuma. Hapakuwa na mtu.

"Basi nenda," akasema. "Nenda ile yako ya haraka. Mpaka kwenye kona, urudi. Mimi nipo hapa, nakuona."

Sikumpa nafasi ya kubadilisha mawazo. Nilikwenda. Upepo uliingia masikioni, gauni likapiga kwenye magoti, na kwa mara ya kwanza tangu Mkata sikuwa nasikia sauti ya mtu. Kona ilikuja upesi mno. Kutokea pale njia inaendelea, inashuka kidogo, inapotea katikati ya mkonge, na hakuna mtu juu yake. Niligeuka. Mama aliinua mkono kuonyesha kwamba ananiona. Nikarudi mpaka kwake, nikageuka bila kusimama, nikaenda tena.

Nikaenda tena na tena. Kalavati, kona, kalavati, kona, kama mbuzi anayekula mpaka kamba inapomwishia. Kila ncha nilikuwa nakanyaga kwa nguvu na kujigeuza ghafla ili nisipoteze muda, kwa sababu sikujua kama kesho wale wengine watakuwepo. Nadhani ilikuwa katika kugeuka huko, kwenye kona, nikiwa mbali na mama, ndipo nilipousikia. Mguu wa kulia, mbele, chini ya goti. Mstari ule ule.

Nilijua kinachotakiwa. Nisimame, nipumzike. Na nilijua kupumzika kunakwenda wapi: mama atapiga simu, shangazi atapasha mafuta, mabasi yatapita nyuma ya nyumba. Hata kamba hii fupi itakatwa.

Nikarudi kwa mwendo ule ule, bila kuchechemea, nikakaa kwenye kalavati. Mama alikuwa anapanga mchicha kwenye upindo, majani yote upande mmoja.

"Umetokwa na jasho," akasema. "Mguu hauumi?"

"Hauumi."

Nikanyoosha miguu yote miwili mbele yangu, sawasawa, asije akaona kwamba naupendelea mmoja.